MPIGA FOTO WA MERIKEBU YA SAYANSI: SHAHIDI AO MPAMBAJI?



Ukurasa huu wa maoni umezoea kuongea juu ya mambo ya hapa kwetu: usafi wa vyumba vya kulala, kelele wakati wa kujifunza mangaribi, mupira kati ya kalasi na kalasi. Leo tunaomba ruhusa ya kuwapeleka mbali, mpaka katikati ya bahari, mu merikebu ya wajuzi. Msiogope safari. Mbele ya kumaliza tutafika mu laboratwari yetu na mu kaye zetu, sababu ni huko maneno haya yanaelekea.

Swali lilitoka mu komite ya gazeti. Tulikuwa tunaongea juu ya kazi ambazo mwanafunzi wa sayansi anaweza kutafuta kiisha kupata diplome yake. Wamoja walitaja munganga, wengine enjenyere, wengine profesa. Ndipo mmoja akasema kwamba mu merikebu za kuchunguza bahari kuna mtu ambaye kazi yake ni foto, tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Wengi wakacheka. Wakasema: «Wajuzi wanafanya sayansi, yeye anafinya kitufe tu! Hiyo nayo ni kazi ya kusomea?»

Sisi tunaona kicheko hicho hakiko sawa. Maoni yetu ni haya: mu merikebu ile mpiga foto si mpambaji wa sayansi, ni shahidi wake wa kwanza. Ushahidi wake ukiharibika, elimu ya wale wote wanaokuja nyuma yake inaharibika pia. Sasa tueleze.

1. Merikebu na kazi yake

Tutachukua mfano mmoja unaojulikana sana, merikebu JOIDES Resolution. Ilijengwa mwaka 1978 kwa kazi ya kutafuta petroli chini ya bahari. Tangu mwaka 1985 ikawa merikebu ya sayansi, ikafuata kazi iliyoanzishwa na merikebu nyingine, Glomar Challenger, iliyotumika kati ya 1968 na 1983. JOIDES Resolution iliendelea na safari hizo mpaka miaka ya 2000 ikapita, na kazi ile ikakoma mwaka 2024. Urefu wake ni metre 143, na katikati yake kuna mnara wa chuma unaopita metre 60 juu ya maji. Safari moja ilichukua karibu miezi 2. Zaidi ya watu 100 walikaa ndani: wajuzi, mafundi, wapishi, mabaharia. Kazi haikulala. Kila mtu alitumika saa 12, kisha mwenzake akashika saa 12 nyingine, usiku na mchana, hata siku ya yenga.

Walitafuta nini? Walitafuta udongo na mawe ya chini ya bahari. Walishusha bomba za chuma, moja imeshikana na nyingine, mpaka zinagusa chini ya maji, hata kama maji yana kina cha metre elfu kadhaa. Halafu walitoboa, wakatoa ndani ya tundu kipande kirefu cha mviringo kama muwa. Wandugu wa migodi ya Katanga wanajua kitu hicho, wao wanakiita karote. Si ile ya kupika mu mboga! Ni kipande cha ardhi kilichotolewa chini bila kuvuruga mpango wake: kilichokuwa juu kinabaki juu, kilichokuwa chini kinabaki chini.

Karote moja inaweza kufikia metre 9,5. Ikifika juu ya merikebu, inakatwa vipande vya metre 1,5. Kila kipande kinapasuliwa katikati kwa urefu wake, kama vile mama anapasua mukate. Nusu moja inaitwa nusu ya kazi: ndiyo wajuzi wanachota udongo kidogo kidogo kwa kupima. Nusu nyingine inaitwa nusu ya kutunza, na hiyo haiguswi ovyo. Ni nusu hii inayopelekwa mbele ya apareyi ya foto.

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mtu atauliza: bahari iko mbali, sisi ni watu wa milima na maziwa, foto za matope ya bahari zinatuingilia wapi?

Zinatuingilia kabisa. Mwaka 1997, kuanzia mwezi wa 8 mpaka wa 10, merikebu ile ilifanya safari yake nambari 175. Ilitoka Las Palmas, ikateremka kufuata pwani ya Afrika, ikamaliza Cape Town. Wakubwa wa wajuzi mu safari hiyo walikuwa Gerold Wefer na Wolfgang Berger. Mahali pa kwanza walipotoboa palikuwa mbele ya mlango wa mto wetu, mto Congo, mbali na pwani. Walitoboa pale mahali 3, nambari 1075, 1076 na 1077. Pa kwanza maji yana kina cha karibu metre 3000.

Sasa fikirini. Maji ya Lualaba yanatoka Katanga. Lowa, Ulindi na Elila zinatoka ku milima ya Kivu, zinaingia mu Lualaba. Lualaba inapita Kindu, inapita maporomoko karibu na Kisangani, inapata jina la Congo, inateremka mpaka Banana, inaingia mu bahari. Mvua ikinyesha ku mashamba ya babu zetu, udongo uliobebwa ulianza safari hiyo. Sehemu ya matope hayo, ile tunayoita potopoto, ililala chini ya bahari tabaka juu ya tabaka, pamoja na maganda ya viumbe vidogo sana vya maji na unga wa maua ya miti. Wajuzi waliochunguza unga huo wa maua mu karote za nambari 1075 waliweza kufuata ginsi pori na majani ya savana vilivyopokezana nafasi mu inchi za Congo.

Kwa hiyo ile ni kaye ya historia ya inchi yetu, yenye kuandikwa mbele hakujakuwa mtu wa kuandika. Na kurasa zake za kwanza kuonekana na macho ya watu zilipigwa foto mu merikebu. Je, hatutaki kujua kama yule aliyezipiga alifanya kazi yake sawasawa?

3. Kazi ya kwanza: kutangulia hewa

Tunajua mezali, haraka haraka haina baraka. Lakini mu kazi hii kukawia ndiko kunakoondoa baraka. Matope ya chini ya bahari yalikaa miaka maelfu na maelfu pasipo hewa. Siku inayopasuliwa, hewa inayagusa, na rangi inaanza kugeuka. Tunda la avoka ulilolikata asubuhi halina rangi ileile mangaribi, sivyo? Ni vile hata kwa matope. Kijani kinaweza kufifia, nyeusi inaweza kuingia kahawia. Yule anayefika nyuma, hata akiwa na macho mazuri namna gani, haoni tena kile ambacho bahari ilikuwa imetunza.

Ni kwa sababu hiyo amri ya laboratwari ilisema: uso wa karote ukwanguliwe uwe safi, kisha upigwe foto upesi iwezekanavyo. Matope ya mbele ya mlango wa Congo yalikuwa na rangi ya kijivu yenye kuelekea kijani. Tena yalikuwa na gazi nyingi ndani. Yakipanda kutoka chini, mahali penye uzito mkubwa wa maji, gazi ile ilitanuka, ikasukuma udongo, ikaupasua nyufa. Mpiga foto hakungoja nyufa zizibwe ili foto ipendeze. Alipiga vile vilivyo.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Baada ya foto, wajuzi wanaanza kuchota udongo mu nusu ya kazi. Miaka inapita, wengine wanakuja, nao wanachota. Foto inabaki kuonyesha ginsi kila kitu kilikuwa siku ya kwanza.

4. Kazi ya pili: kusema kweli juu ya rangi

Ku mujini mpiga foto anaweza kukuongezea mwangaza ku uso, ao kukusimamisha mbele ya picha ya ndege wakati hujawahi hata kuigusa. Watu wanacheka, wanalipa, hakuna ubaya. Wanajua ni furaha tu.

Lakini rangi ya karote si pambo. Rangi ni habari. Tabaka nyekundu ao kahawia mara nyingi linaonyesha kwamba hewa ya oksijeni ilifika ndani ya udongo. Tabaka lenye giza linaweza kuonyesha kwamba mabaki mengi ya viumbe yalizikwa bila kuoza vizuri. Tabaka jeupe mara nyingi ni maganda ya chokaa. Basi mpiga foto akiongeza mwangaza kidogo ili foto ivutie, mjuzi wa inchi nyingine, ambaye hakukanyaga merikebu, atasoma bahari isiyokuwako.

Juu ya hiyo, mpiga foto alianza kila zamu na kazi isiyoonekana. Alipima nguvu ya taa. Alipiga foto ya kipande cheupe kinachojulikana weupe wake, na ya karatasi ya rangi ambazo kipimo chake kinajulikana, ili aone kama apareyi inasema kweli. Alipangusa kioo. Aliweka rula kando ya karote, ili santimetre ibaki santimetre. Wakati wa safari ya 1997 foto zilipigwa kwa filimu, kwa rangi na pia kwa nyeusi na nyeupe, vipande vya karote moja vimelazwa ku meza kimoja kando ya kingine. Kiisha miaka ile apareyi za namba zilishika nafasi ya filimu. Apareyi ya nyuma ilitembea juu ya kipande kizima, ikapiga mstari kwa mstari, mistari 20 mu milimetre 1. Mawe magumu, mbele ya kupasuliwa, yaligeuzwa na kupigwa pande 4, ili ngozi yao yote ionekane.

Na kazi haikuishia ku karote. Wajuzi walitazama udongo na mawe kwa mikroskopi, na mikroskopi zilikuwa na apareyi za foto. Nani aliyezitunza? Nani aliyefundisha mjuzi mupya namna ya kupiga foto isiyofunikwa na kivuli? Ni mtu yuleyule.

5. Kazi ya tatu: kutoa jina

Foto bila jina ni mtoto aliyepotea sokoni. Hata awe mzuri namna gani, hakuna anayejua nyumba yake.

Tuangalie ginsi majina yale yalivyoandikwa. Tuseme kipande fulani kina maandishi 175-1075A-3H-2. Namba 175 ni safari. Namba 1075 ni mahali. Herufi A ni tundu la kwanza pale mahali. Namba 3 ni karote ya tatu kutoka juu, na herufi H inasema ilitolewa na chombo kinachosukumwa kwa nguvu ya maji. Namba 2 ya mwisho ni kipande cha pili cha karote hiyo. Ukiongeza santimetre, unaweza kumwambia mtu wa Japani ao wa Brezili: tazama pale, si pengine. Naye atatazama pale, si pengine.

Tena kuna upande wa juu na wa chini. Kila kipande kilifungwa kifuniko cha bulu upande wa juu, na kifuniko kisicho na rangi upande wa chini. Jambo dogo, sivyo? Lakini mtu akigeuza kipande kimoja, mjukuu anamzaa babu. Kitu cha zamani kinakuwa kipya, kipya kinakuwa cha zamani, na historia inasimuliwa kinyumanyuma. Mpiga foto alikuwa mmoja wa watu wa mwisho walioweza kuona kosa kama hilo mbele halijaingia mu vitabu. Lazima awe mtu wa kuuliza swali, hata saa 9 ya usiku, hata kama anayeulizwa ni mjuzi mkubwa mwenye usingizi.

6. Kazi ya inne: kutunza na kugawa

Foto iliyopigwa vizuri kisha ikafungiwa mu sanduku haisaidii mtu. Foto za safari ile ya 175 zilitiwa mu kitabu cha matokeo kilichotoka mwaka 1998, ukurasa kwa ukurasa, karote kwa karote. Karote zenyewe zimetunzwa Bremen, inchi ya Ujeremani, mu nyumba ya baridi. Wengi wetu hatutafika Bremen kesho. Lakini foto inaweza kufika kwetu. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Bukavu ao Kinshasa anaweza kutazama potopoto ya mto wake mwenyewe na kuuliza swali ambalo Wefer na Berger hawakuuliza. Hapo ndipo tunaona uzito wa kazi hii. Shahidi mwaminifu anampa neno hata yule ambaye hakualikwa ku safari.

7. Kazi ya tano: kupiga foto za watu, bila kuchanganya

Mpiga foto wa merikebu alikuwa pia na kazi ya kuonyesha maisha: mabaharia ku mnara, wajuzi wameinamia meza, mawimbi, jua linatua, watu wote wamesimama pamoja kwa foto ya safari. Foto hizo zilikwenda mu magazeti, ku masomo, kwa jamaa waliobaki nyumbani. Hapa uzuri una ruhusa. Anaweza kungoja jua lishuke, anaweza kumwambia mtu: ndugu, sogea kidogo, mwangaza ukufikie.

Lakini haya ni mapango mawili tofauti, na mtu wa kazi hii anapaswa kuyatenganisha ndani ya moyo wake. Asubuhi anapiga uso wa rafiki na anautafutia mwangaza mzuri. Saa moja baadaye anapiga uso wa udongo, na hapo hana ruhusa ya kuutafutia uzuri hata kidogo. Sisi tunaona ni hapa ugumu wote wa kazi unakaa. Kujua kupamba, na kujikataza kupamba.

8. Maneno ya wale wanaobishana nasi

Wa kwanza wanasema: siku hizi mashine inafanya yote, mtu ni wa nini? Tunajibu: mashine inapiga kile kilicho mbele yake. Haijui kama kioo kina alama ya kidole. Haijui kama taa moja imeanza kuzeeka na kuleta umanjano. Haijui kama kipande kimegeuzwa. Mashine haina haya, haiwezi kusema «samahani, turudilie». Kadiri mashine inavyokuwa na nguvu, ndivyo uongo wake unavyoenea mbali kama mwenyeji wake hako macho.

Wa pili wanasema: mjuzi alikuwako, aliona na macho yake, na aliandika, foto ni ya kuongezea tu. Tunajibu: ni kweli mjuzi anaandika, na maandishi yake ni ya lazima. Lakini watu wawili wanaweza kutazama tabaka moja, mmoja aandike «kijivu», wa pili aandike «kijani cha giza». Nani ataamua kiisha miaka 20? Tena mjuzi anaona kile anachotafuta. Foto inatunza hata kile ambacho siku ile hakuna aliyekitafuta. Mwaka huohuo wa 1997, mu mwanzo wake, merikebu ileile ilitoboa mbele ya pwani ya Florida, inchi ya Marekani. Ikatoa karote yenye mpaka wa wakati dinozoria walipokwisha, karibu miaka milioni 66 iliyopita. Mu foto yake hata mtu asiyesoma jeolojia anaona: tabaka la chini, mkanda wa vijitone vidogo vilivyorushwa wakati jiwe kubwa la anga lilipogonga dunia, kisha tabaka la juu lenye sura nyingine. Maneno ya vitabu kumi hayakushawishi watu wengi kama foto hiyo moja. Na ilishawishi juu ya nini? Juu ya kwamba watu waliamini haikuguswa.

Wa tatu wanasema: hiyo ni kazi ya chini. Hao tunawajibu kwa swali: ukuta ukianguka, tunamcheka aliyepaka rangi ao aliyeweka jiwe la chini?

9. Turudi ku laboratwari yetu

Sasa tunafika penye kutuuma.

Mu masomo mengi ya inchi yetu kuna desturi moja. Siku ya mikroskopi, ngozi ya kitunguu inawekwa chini ya kioo. Wanafunzi 40, mikroskopi 1. Kila mtu anapita, anafunga jicho moja, anasema «nimeona», anaenda. Kisha wote wanafungua kitabu na kuchora seluli ya kitabu. Wengine wanatia ndani vile vitu vya kijani vya majani, wakati seluli ya ngozi ya kitunguu haina vitu hivyo! Wameshuhudia kile ambacho hakikuwako. Na mara nyingi ule mchoro ndio unaopata pointi nyingi, sababu ni safi na unafanana na kitabu.

Ao siku ya kupima maji yanayotokota. Kitabu kinasema digri 100. Ku Bukavu na Goma, ambako tunapita metre 1400 juu ya bahari, maji yanatokota karibu na digri 95, sababu uzito wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani. Termometre inasema kweli. Lakini wangapi wanaandika 95? Wengi wanasema termometre imeharibika, wanaandika 100. Kumbe wametupa milima yao wenyewe! Ile digri 95 ndiyo ilikuwa sayansi. Ile digri 100 ilikuwa heshima kwa kitabu kilichoandikwa kwa watu wa pwani.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Mwanafunzi anaogopa kupoteza pointi, na profesa ana kaye 200 za kusahihisha ku mwangaza wa taa ndogo. Lakini tunasema kwamba desturi hii inazaa watu ambao hawataweza kusimama mbele ya karote hata siku moja. Mtu aliyezoea kuchora kitabu atapiga foto ya kitabu. Kesho atakuwa mufanyakazi wa hospitali na ataandika tension ambayo hakupima. Atakuwa mwenye kupima madini na ataandika kilo ambazo hakuona. Hapo haitakuwa tena juu ya pointi. Itakuwa juu ya mgonjwa, na juu ya mali ya inchi.

Kwa hiyo tunatoa mashauri haya mbele ya wote.

Kwanza, siku ya laboratwari vitabu vifungwe mpaka kila mtu amalize mchoro wake. Kilichoonekana kichorwe, kisichoonekana kiachwe. Afazali mchoro mbaya wenye kweli.

Pili, kila mchoro na kila kipimo kipate jina lake lote: tarehe, saa, kitu gani, nani aliyepima, kwa chombo gani. Tena rula ichorwe kando, ili tujue ukubwa.

Tatu, hesabu isiyofanana na kitabu isifutwe. Iandikwe kwa bike, si kwa kreyo, na pembeni mwanafunzi aandike anavyofikiri juu ya sababu yake. Waprofesa wetu tunawaomba kwa heshima: ile sababu ipate pointi.

Inne, kaye za laboratwari zisitupwe mwisho wa mwaka. Zitunzwe mu kabati, mwaka kwa mwaka. Watoto watakaokuja kiisha miaka 20 watapenda kujua mvua ilinyesha namna gani siku zetu, maji yalitokota ku digri ngapi, na maua ya mwembe yalifunguka mwezi gani. Tutakuwa tumewatoboleya karote yetu.

Hatuna merikebu, hatuna mnara wa chuma, hatuna apareyi ya mistari 20 mu milimetre 1. Lakini ile sehemu ya kazi iliyo ngumu kuliko zote haihitaji vyombo. Inahitaji mtu mwenye kutazama polepole na kuandika upesi, asiyeongeza wala kupunguza. Mtu kama huyo anaweza kutoka hata mu kalasi yetu, na huenda siku moja mu merikebu fulani, mbele ya mlango wa mto wetu, zamu ya usiku itakuwa ya mtoto wa Lualaba.

Mwenye maoni mengine aandike. Sanduku la gazeti liko wazi, na majibu tutayachapa kama yalivyo, bila kuyapamba.

Komite ya gazeti